Kisima cha Hoteli na Zama za Barafu

Vijana, kabla hamjaniuliza: ndiyo, viganja hivi vilikuwa na ngozi ya kawaida zamani. Nimechimba visima katika kisiwa hiki cha Unguja tangu nilipoacha skuli mpaka magoti yaliponiachisha kazi. Sasa nakaa kibarazani kwangu mtaani Ng'ambo nawatazama mkipita na chupa za maji ya dukani, mmezikumbatia kama watoto wachanga. Ndipo nikaona niandike. Anayekunywa maji ya chupa anafaa aambiwe maji hutoka wapi, na bora aambiwe na mtu aliyewahi kuyaharibu.

Nitafika kwenye kuharibu. Msinikimbize.

Kwanza mjue mnakanyaga nini. Upande wa mashariki wa kisiwa chetu ni jiwe tupu, tena jiwe lenye matundu. Mvua ikinyesha inazama humo, wala haichanganyiki na bahari papo hapo. Maji matamu ni mepesi, yanakaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Ukichimba ukayafikia, umefaulu. Ukizidisha, umeifikia bahari, na bahari hukuihitaji kwa sababu ilikuwa palepale ufukweni bure. Kwa hiyo ufundi wa kisima si kuchimba. Kuchimba hata panya anachimba. Ufundi ni kujua pa kusimama.

Aliyenifundisha ni Mzee Vuai, Mtumbatu, mtu mfupi mwenye mabega ya mlango. Chombo chake kikubwa hakikuwa mtaimbo wala sururu. Kilikuwa ulimi. Siku za kazi hakunywa kahawa, hakutafuna tambuu, hakula hata achari, na mimi mwanafunzi wake alinifungisha hayohayo. Kila asubuhi tulionja maji ya chini ya shimo kabla ya kuteremsha chombo. Siku moja alinipangia ndoo tatu, mojawapo akiwa ameitia vikombe vya maji ya bahari, akaniuliza ipi imekufa. Nilionja zote nikasema zote nzuri. Alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Mbarouk mwanangu," akasema, "we nenda kavute kamba. Ulimi wako bado uko likizo."

Nilivuta kamba miezi mitatu.

Kosa langu la kwanza kubwa, hata hivyo, halikuwa la ulimi. Nilikuwa nimeshaachiwa kisima changu mwenyewe, karibu na pwani ya Paje. Nikachimba, maji yakanifika kiunoni, nikapanda juu kwa shangwe, tukasoma dua, tukala pilau ya mwenye kisima. Sikujua kwamba visima vya pwani hupumua pamoja na bahari. Maji yakijaa, kisima hupanda, na maji yakipwa, hushuka. Mimi nilipima wakati wa maji kujaa, tena siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Alasiri mwenye kisima akateremsha ndoo mbele ya wageni wake, akaivuta, ndani mna chura, na chura mwenyewe mkavu. Pilau tulikuwa tumeshaila, basi hapakuwa na la kurudisha. Tangu siku hiyo nachimba maji yakiwa yamepwa kabisa, na nyinyi mkichimba fanyeni hivyohivyo.

Sasa, katika kuta za visima vyote hivyo, hata maili kadhaa kutoka baharini, tulikuwa tunakuta chaza, makome na vichwa vya matumbawe vilivyoganda ndani ya jiwe. Mimi nilimwuliza Mzee Vuai vimefikaje. Akanijibu kwamba ni gharika ya Nabii Nuhu. Jibu lilinitosha kwa miaka mingi, maana mtu aliye chini ya shimo na jiwe limening'inia juu ya kichwa chake hana muda wa maswali ya pili.

Swali la pili lililetwa na Zuhura. Zuhura ni mtoto wa Ng'ambo hukuhuku, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Alisoma mpaka akasomea mawe. Mama yake aliona haya kusema mwanawe anasomea mawe, kwa hiyo kila aliyemwuliza alimjibu "udaktari", na Zuhura aliporudi na cheti chake kweli akiitwa daktari, alikuta foleni ya wagonjwa ukumbini. Aliwaambia yeye ni daktari wa mawe. Bibi mmoja akamwambia ndiyo hayohayo, anayo matatu kwenye figo.

Huyo Zuhura alikuja kwenye kisima tulichokuwa tunakichimba akataka ashushwe. Tukamfunga kamba, tukamshusha, akakaa chini saa nzima anasugua ukuta kwa mswaki. Kisha akaniita.

"Ami Mbarouk, hebu shuka uone."

Nikashuka. Akanionesha. Chini kulikuwa na matumbawe. Juu yake palikuwa na mkanda mwembamba wa udongo mwekundu, udongo wa shamba kabisa, umegeuka jiwe. Juu ya udongo, matumbawe tena.

"Bahari, nchi kavu, bahari," akasema. "Matumbawe hayaoti shambani, na udongo huu haufanyiki chini ya maji. Bahari ilikuwepo, ikaondoka muda mrefu, ikarudi."

"Ilikwenda wapi?"

"Ilikuwa barafu."

Akanieleza, na nitawapa kama alivyonipa. Dunia hailizunguki jua kwa namna ileile siku zote. Inainama, inayumba, na njia yake mara inakaribia duara, mara inarefuka, kwa zamu za makumi ya maelfu ya miaka. Zamu ikiangukia pabaya, kaskazini ya mbali kiangazi kinakosa nguvu, barafu haiyeyuki yote, ya mwaka ujao inalala juu yake, na hivyo hivyo mpaka inakuwa milima. Maji ya milima hiyo yametoka baharini, kwa hiyo bahari inashuka. Zamu ikigeuka, joto linarudi, barafu inayeyuka, bahari inapanda. Kuna safari ilipanda kupita ilipo leo, na jiwe tunalolivunja kwa mitaimbo lilikuwa hai wakati huo, linakula na kuzaa.

"Na ikishuka, inashuka kiasi gani?" nikauliza.

"Simamisha minazi mitano, mmoja juu ya kichwa cha mwenziwe."

"Basi toka hapa mpaka Bagamoyo..."

"Mtu anakwenda kwa miguu, Ami."

Mzee Vuai alikuwa amekaa juu kwenye mdomo wa kisima, kishazeeka, lakini masikio mazima. "Bila tikiti ya boti?" akauliza. Zuhura akamwambia bila tikiti. Mzee akachungulia shimoni. "Na hizo bahari mbili," akasema, "basi gharika imekuja mara mbili. Kwani Mungu anakuomba ruhusa wewe?"

Zuhura alicheka, akaniambia na jambo moja la mwisho. Alisema kwa hesabu ya zamu hizo, dunia ilipaswa kuwa inaelekea taratibu kwenye ubaridi, lakini inaelekea kwenye joto, tena mbio, na hilo halikuletwa na zamu. Limeletwa na moshi wetu. Neno hilo nililisikia vizuri, kisha nikaliacha palepale chini ya kisima. Nilipanda na barafu tu, kwa sababu barafu ilinifurahisha zaidi.

Nikawa mhubiri. Kila baraza la kahawa nililokaa, nilifungua zama za barafu. Watu wa Ng'ambo barafu wanayoijua ni ya ukwaju na ubuyu, ya kufungwa kwenye vifuko, kwa hiyo nilikuwa na kazi. Nikipita Mji Mkongwe nikamkuta mtu anaringia jumba la babu yake, naugonga ukuta uliobanduka chokaa namwambia: jiwe hili lilikuwa baharini kabla babu wa babu yako hajafikiriwa, huyu ndiye mwenye nyumba, wewe mpangaji. Nilipunguza marafiki lakini niliongeza sifa.

Sifa hizo ndizo zilizonipeleka kwenye warsha.

Nyinyi vijana warsha mnazijua kuliko mimi. Ilikuwa ya mabadiliko ya tabianchi, katika ukumbi wa hoteli moja kubwa ya upande wa Kiwengwa, ambayo jina sitalitaja kwa sababu wana mawakili na mimi nina magoti. Tulipewa fulana, kofia na mkoba. Mada ilikuwa kupanda kwa joto, na kiyoyozi kiliwashwa kwa nguvu mpaka sheha aliyekaa mbele yangu akaomba taulo la bwawani ajifunike. Mtoa mada alisema visiwa viko hatarini huku meno yakigongana. Zama za barafu nilizozihubiri miaka yote, siku hiyo nilizionja. Kisha zikaja sambusa, watu wakajifunza kula kwa mikono miwili, tukapiga picha ya pamoja, na tabianchi ikabadilika.

Wakati wa sambusa nikamkuta Meneja wa hoteli. Mtu mwenye adabu zake, shati limenyooka, anakusikiliza kwa kuinamisha kichwa. Nikamfungulia zama za barafu zote, kuanzia kuyumba kwa dunia mpaka kwenda Bagamoyo kwa miguu. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akaniambia, "Wewe si fundi. Wewe ni profesa." Wanangu, nimewahi kuangukiwa na ndoo ya mawe kichwani nikaendelea na kazi, lakini neno lile lilinilevya.

Meneja alitaka kisima. Hoteli ilikuwa na bwawa la kuogelea hatua ishirini kutoka baharini, na lingine lilikuwa linajengwa, maana wageni wanakuja kutoka mbali kuifuata bahari kisha wanaogopa kuogea ndani yake. Nikaanza Jumatatu moja ya mwezi wa Rajabu. Nikafika kwenye maji, nikaonja, matamu. Pale ndipo Mzee Vuai, Mungu amrehemu, angesimama. Maji hayakuwa mengi, yalimfaa mtu na mbuzi wake.

Meneja akaja akachungulia. "Profesa," akasema, "ndiyo hayo tu?"

Sasa sikilizeni jinsi elimu nusu inavyofanya kazi. Nikajiambia: zama za barafu bahari ilikuwa chini minazi mitano. Mvua ya zama zile nayo ilizama mpaka huko chini. Basi chini ya chumvi lazima pana maji matamu ya kale, yamefichwa, na mimi ndiye mtu pekee Unguja mwenye akili ya kuyafikiria. Nikaagiza pampu ya kukausha shimo, nikasubiri maji yapwe, nikashuka. Nikapita mahali pa kusimama. Nilipokuwa katika pima ya pili mtaimbo ukaniponyoka mkononi ukaenda zake. Haukugonga chini. Nilikuwa nimetoboa paa la pango. Maji yakapanda kwa kishindo, vijana wangu wakanivuta kwa kamba nikiwa nimepoteza kiatu kimoja. Nikaonja yaliyokuja juu. Matamu! Mengi! Nikacheka peke yangu. Meneja akanipiga mgongoni mbele ya wafanyakazi wake wote, na mwezi wa Shaabani wakafunga pampu kubwa kuliko mlango wa nyumba yangu.

Nyuma ya hoteli ile, ng'ambo ya barabara, kuna kijiji. Kina kisima kimoja cha zamani ambacho watu wote wanakunywa. Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, sikukuu ndiyo kwanza imeisha, nikasikia hodi mlangoni kwangu. Alikuwa bibi mwembamba, amejitanda kanga, amebeba dumu la maji mwenyewe kutoka Kiwengwa mpaka Ng'ambo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. We ndo Fundi Mbarouk?"

"Naam."

"Mie naitwa Bi Mize. Nipe gilasi."

Nikampa. Akamimina, akanipa. "Onja."

Nikaonja. Ulimi wangu siku hiyo haukuwa likizo. Akanieleza kwamba maharage yanachemka toka asubuhi mpaka adhuhuri hayaivi, sabuni haitoi povu, na mjukuu wake mchanga anakataa uji. Akataka kujua kisima chao kimepatwa na nini, kwa kuwa ameambiwa mimi ndiye mjuzi. Nikamwambia nitachunguza. Ndivyo nilivyosema, kwa sauti ya kiprofesa, na nikamsindikiza mpaka kituoni huku najichukia.

Nikampigia simu Zuhura. Nikamweleza yote. Akaniambia, "Ami, hilo pango ndiyo zama zako za barafu. Bahari ilipokuwa chini, mvua ililila jiwe ikalitoboa mapango. Bahari iliporudi iliyajaza. Juu yake yamelala maji matamu kidogo, na pango linapita mpaka chini ya kisima cha kijiji. Nyinyi mnavuta ya juu kwa pampu, bahari inapanda kushika nafasi." Nikamwuliza kama kuna dawa. Akasema izimwe pampu, lizibwe tundu, halafu zingojewe mvua. Nikamshukuru, nikakata simu, na sikumwambia mtu yeyote wiki tatu. Nilikuwa naogopa. Fundi aliyetia chumvi kisima cha watu hapati tena kazi katika kisiwa hiki, na profesa ndiyo kabisa.

Kijiji kikalalamika, ukaitishwa mkutano katika darasa la skuli. Sheha wa kijiji amekaa mbele, wanawake wamejaa mpaka madirishani. Meneja akaja na kompyuta na kitambaa cheupe. Akaonesha picha ya dunia imefunikwa barafu. Watoto wakashangilia. Akaanza kueleza, na nikasikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kinywani mwake moja baada ya jengine: dunia inayumba, barafu inakuja, barafu inaondoka, bahari inashuka, bahari inapanda, Bagamoyo kwa miguu. Akasema, kwa masikitiko ya mtu mwenye mabwawa mawili, kwamba chumvi katika kisima ni sehemu ya mzunguko huo wa maumbile, hakuna wa kulaumiwa, na hoteli itawapa wanakijiji fulana. "Na msinisikilize mimi," akamaliza, "tunaye mtaalamu wetu. Profesa Mbarouk, tafadhali thibitisha."

Nikasimama. Darasa lote likanigeukia. Yote aliyoyasema kuhusu dunia yalikuwa kweli, ndilo lililokuwa baya zaidi. Nilikuwa naweza kutikisa kichwa tu, nikarudi mjini na heshima yangu.

Bi Mize alikuwa amekaa chini mstari wa mbele. "Fundi," akasema, "mie nna swali dogo. Hii barafu imeyeyuka lini? Maana Ramadhani nzima tumefuturu maji matamu. Mfunguo Mosi ndo kikaingia chumvi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli, na alikuwa tayari kuamini nitakachomjibu. Hilo ndilo lililonivunja.

"Bi Mize," nikasema, "barafu huchukua maelfu ya miaka kuishusha bahari na maelfu mengine kuirudisha. Haina haraka ya kuharibu kisima baina ya Ramadhani na Mfunguo Mosi. Mimi nilikuja Jumatatu ile ya Rajabu, kwa gari la hoteli. Nimechimba kupita kiasi, nimetoboa pango, na pampu yao inavuta maji yenu. Kisima chenu nimekiharibu mimi."

Kitambaa cheupe kikabaki na dunia yake ya barafu. Meneja akaanza kusema kitu juu ya utafiti zaidi, lakini wanawake walikuwa wameshasimama, na sheha, ambaye alikuwa anatarajia fulana, akaona ni salama zaidi kusimama nao. Walikwenda hotelini kwa miguu palepale, mimi nikiwa katikati yao kama kuku wa kuchinjwa. Pampu ilizimwa siku ileile. Tundu nililiziba mwenyewe kwa mawe na saruji, wiki mbili, na hakuna aliyeniletea hata maji ya kunywa, kwa sababu hayakuwepo. Mabwawa sasa wanayajaza maji ya bahari. Wageni wanayasifu, wanasema yana afya.

Kazi sikupata tena, kama nilivyoogopa. Magoti yalikuwa kisingizio tu.

Basi mkikutana na mtu anayewaambia dunia imebadilika siku zote, mkubalieni, kwa sababu imebadilika. Kisha mwulizeni inabadilika kwa mwendo gani, na yeye mwenyewe alikuwa wapi Jumatatu.

Kila mwisho wa mwezi nakwenda kijijini kuonja. Masika mawili yamepita na chumvi inapungua, polepole. Mwezi uliopita sabuni ilitoa povu kidogo, watoto wakanawa mikono mara tatutatu kwa furaha. Bi Mize sasa hatoki kitandani. Waliniingiza ndani nimwamkie, akanishika mkono.

"Bado miaka mingapi, Fundi?"

"Labda mitatu, Bi Mize. Mvua zikiwa nzuri."

Akahesabu kwa vidole. "Nitayawahi?"

Mimi niliyekuwa nikimwaga miaka elfu kwa elfu kwenye mabaraza bila kumeza mate, mitatu hiyo ilinishinda.